Karatasi Nyeupe Nyuma ya Mlango

Mheshimiwa Hakimu Mkuu wa mahakama hii, waheshimiwa mahakimu, mawakili wasomi mliovua majoho yenu kwa ajili ya joto la ukumbi huu, makarani wa masjala, askari wa lango, mama zangu wa usafi mnaozijua siri za ofisi zetu kuliko sisi tunaokaa ndani yake, wageni waalikwa, dada zangu wawili mlioondoka nyumbani alfajiri, wanangu, na wewe mkwe wangu uliyejibanza nyuma ya nguzo ukidhani sitakuona: nawasalimu wote, kila mmoja kwa cheo chake na kwa umri wake. Niliyemruka anisamehe. Leo moyo unanienda mbio, na sababu yake si kustaafu.

Nimesikiliza sifa zote mlizonimwagia tangu saa nane. Nimesikia kwamba mimi ni mchapakazi, mvumilivu, mwenye miguu isiyochoka. Aliyelisema hilo la miguu hajawahi kuniona nikivua viatu jioni. Nimekabidhiwa pia cheti chenye fremu, na ndani yake imeandikwa kwamba kwa miaka thelathini na moja hakuna hati iliyomshinda mtumishi huyu. Maneno mazuri sana. Si ya kweli, na nitawaeleza kwa nini.

Bwana mshereheshaji amenipa dakika kumi. Nimemwitikia kwa kichwa, na mawakili wasomi watanithibitishia kwamba kuitikia kwa kichwa si kiapo. Ninahitaji muda zaidi, kwa sababu kuna mtu namsubiri. Akiingia nitawaambia ni nani, ila nawaombeni jambo moja: akiingia msigeuke wote kwa pamoja kumtolea macho.

Kwa wageni wasioijua kazi yangu, niseme kwa lugha nyepesi. Mtu akifungua kesi dhidi ya mwenzake, yule mwenzake lazima aambiwe. Lazima ajue ameshtakiwa kwa lipi, siku gani, saa ngapi, chumba namba ngapi, ili naye aje aseme la kwake. Karatasi ya kumwambia hivyo ni hati ya wito, samansi, na anayeitia mkononi mwake ni mimi. Ndiyo maana nusu ya mji huu hawalijui jina nililopewa na wazazi wangu. Wananiita Mama Samansi, na nikikata kona kuingia mtaani kwao, watu wazima wenye ndevu zao wanaingia mitini.

Nimeona mengi. Nimebisha hodi kwa bwana mmoja, mkewe akaniambia amesafiri, huku dari juu ya kichwa changu ikipiga chafya. Nimemkuta mwingine akaapa kwamba yeye si yeye, ni pacha wake. Nikamwambia sawa, basi nipe mkono, nikuage. Akanyoosha mkono, nikakiona kile kidole kilichokatika ambacho kwenye faili kilikuwa kimeelezwa vizuri kabisa. Alicheka mwenyewe, akasaini. Bwana huyo yupo hapa leo, tumekuwa marafiki, na ameleta zawadi kubwa kuliko yenu nyote.

Lakini sikusimama hapa kuwavunja mbavu. Nataka kuzungumzia kitu ambacho sisi wa mahakamani tunakijua sana na hatukiandiki popote. Nataka kuzungumzia bahati.

Sheria tunayo, vitabu vyake vinajaza makabati matatu pale maktaba, na waheshimiwa mnavisoma mpaka miwani inabadilishwa. Lakini ni nani kati yetu anayeweza kusimama hapa akasema kwamba kila kesi iliyopita mikononi mwake iliamuliwa na sheria peke yake? Nani? Naona mawakili mnatazamana. Sijaona mkono.

Mwaka mmoja majirani wawili waligombea mpaka wa viwanja vyao. Aliyeupima ule mpaka zamani alikuwa mpima ardhi mmoja ambaye amestaafu, na hakuna aliyejua alikohamia. Nilimtafuta wiki sita, patupu. Hakimu akasema akikosekana tena, kesi itaamuliwa bila yeye. Basi jino langu likaanza kuuma. Nikaenda hospitali, nikakaa kwenye benchi nimeshika shavu, na kando yangu kuna mzee naye ameshika shavu lake, ameshachomwa sindano ya ganzi. Muuguzi akatoka, akamwita mzee yule kwa jina kamili. Waheshimiwa, maumivu yalikatika palepale. Nilifungua mkoba, nikamkabidhi samansi, akanisainia huku nusu ya mdomo imekufa ganzi. Alikuja mahakamani, akaeleza, na mwenye haki akapata haki yake. Sasa niambieni, kesi ile iliamuliwa na sheria au na jino?

Na msinune nikisema hili jingine. Kulikuwa na wapangaji wawili, mafundi wote wawili, vyumba vyao vimepakana. Mwenye nyumba mmoja, mkataba wa aina moja, kosa walilodaiwa kulifanya ni hilohilo, na wakili aliyewatetea ni yuleyule. Mafaili yao yaliingia masjala asubuhi moja, moja chini ya jingine. La juu likaenda chumba namba moja, la chini likaenda chumba namba tatu, kwa hakimu mwingine. Mmoja akabaki na mwingine akaambiwa ahame. Yule aliyebaki aliniambia kwamba siku ya kuhama alikaa ndani kwake, akamsikia mwenzake ng'ambo ya ukuta akiburuta kitanda, na chakula hakikumpita kooni. Hakumdhulumu mtu yeyote. Faili lake tu ndilo lililokuwa juu.

Mambo kama hayo yakitokea tunasema huyu ana nyota yake, yule ana mkosi wake, tunafunga faili na kwenda kunywa chai. Hata mimi nimeinywa chai hiyo miaka thelathini na moja, tena kwa vitafunio. Nimeinywa mpaka juzi.

Juzi asubuhi niliomba ruhusa ya saa moja. Marehemu mume wangu aliacha saa ya mkono iliyosimama, na nilitamani niivae siku ya leo. Nikaelekezwa kwa fundi saa mmoja, mtaa wa maduka ya vitambaa, mkabala na ghala la magunia. Fundi mwenyewe yule pale, safu ya nne, shati la kijivu. Usisimame, kaka yangu, kaa tu. Nimemwalika mimi, na ilibidi nimbembeleze sana, maana jengo letu hili hana hamu nalo.

Nilifika saa nne. Duka lake ni chumba kimoja chembamba, na meza yake ameisogeza mpaka mlangoni kabisa ili apate mwanga. Akaifungua saa ya marehemu, akaipuliza, akaisikiliza, akaniambia, "Dada, kesho itakuwa tayari. Ile nyingine uliyosema usiilete. Jumatatu sitakuwepo hapa."

Nikamuuliza anahamia wapi.

"Sijajua bado. Mahakama imenitoa. Chumba hiki aliniachia baba, mdogo wangu akashtaki kwamba ni chake, kesi ikasikilizwa mimi sipo. Wanasema waliniletea karatasi. Mimi sikuiona." Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anageuza bisibisi yake ile ndogo kama sindano. "Basi tu, dada. Sikuwa na bahati."

Sura yake sikuijua, na duka lake likiwa wazi sikulitambua, lakini kesi ile niliijua nje ndani. Samansi yake niliibeba mimi. Miezi minane iliyopita nilikwenda dukani kwake mara tatu, mara tatu nikakuta pamefungwa. Nikarudi mahakamani, nikapewa ruhusa ya kuibandika mlangoni kama sheria inavyosema, nikaibandika, nikala kiapo kwamba nimeibandika. Siku ya kesi hakutokea. Mdogo wake akasikilizwa peke yake, akashinda.

Baadaye fundi alipata habari, akaja kuomba kesi ifunguliwe upya ili na yeye asikilizwe. Siku ile nilikuwepo, nimekaa benchi la nyuma, nikamwona kisogo. Mheshimiwa Hakimu Mkuu, unakumbuka. Ulimuuliza, "Hati imebandikwa mlangoni kwako. Mlango wako mwenyewe huuoni?" Akakujibu, "Nauona, mheshimiwa, kila siku." Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu karatasi niliibandika mimi, kwa gundi yangu, kwa mikono hii. Ombi lake likakataliwa.

Sasa juzi nimesimama mlangoni kwa mtu yule, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu naliona duka lake likiwa wazi. Mlango wake una vipande viwili vya mbao vinavyofunguka kwa nje, vinakwenda mpaka vinalala ukutani, kimoja kushoto, kimoja kulia. Nikamuuliza, "Kaka, mlango huu unaufungaje?" Aliona swali la kitoto, lakini akanionyesha. Anasimama ndani, ananyoosha mkono, anavuta kipande cha kushoto, anavuta cha kulia, anatia komeo kwa ndani, kisha anatokea uani kwa mlango mdogo wa nyuma. Asubuhi anaingia kwa uani, anatoa komeo, anasukuma. Upande wa nje wa mlango wake hajapata kusimama mbele yake tangu arithi duka. Wapita njia wanauona jioni. Wanaona karatasi, wanasema hayo ni mambo ya mwenyewe, wanakwenda zao.

Nikakishika kile kipande cha kushoto, nikakivuta taratibu kutoka ukutani. Karatasi yangu ilikuwepo. Miezi minane, waheshimiwa, na ilikuwa nyeupe pe, wino wake mweusi tititi, mhuri wa mahakama bado una rangi yake ya zambarau. Nyinyi hamzijui karatasi za mlangoni, mimi nazijua. Ikikaa juani wiki mbili inageuka njano, mwezi mmoja inajikunja pembe, miezi mitatu haisomeki tena. Wiki ileile nilibandika nyingine kwenye ghala la magunia, hatua ishirini kutoka pale. Nilivuka barabara kwenda kuitazama, nikakuta madoa ya gundi na kipande cha mhuri kisichofika ukucha. Lakini hii ya fundi ilikuwa imelala kifudifudi ukutani mchana kutwa, siku baada ya siku, na jua la mchana halikuwahi kuigusa.

Yangeishia hapo ningesema ni mlango wake uliomponza. Hayakuishia hapo. Ilibidi nijitambulishe kwamba Mama Samansi ndiye mimi, kisha nikamuuliza mbona nilikuja mara tatu sikumkuta.

Akauliza, "Ulikuja saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Mimi nafunga saa kumi, dada. Macho yangu hayawezi kazi ya taa. Nafanya kazi na jua."

Saa kumi na moja, mara tatu. Kwa nini saa kumi na moja? Kwa sababu mzunguko wangu huanzia sokoni, unapita karakana, unapita shuleni na hospitali, na mtaa wa vitambaa ni wa mwisho, maana kituo cha basi langu kiko mwisho wa mtaa huo. Ndivyo nilivyozoea. Jumatatu saa kumi na moja hakupatikana, Alhamisi saa kumi na moja hakupatikana, Jumanne iliyofuata saa kumi na moja hakupatikana. Kwenye kiapo nikaandika, "Nilikwenda mara tatu." Kila neno lilikuwa la kweli. Hakuna aliyeniuliza saa, na mimi sikuona haja ya kuiandika. Ningekwenda mara moja tu, saa nne asubuhi, nikiwa njiani kununua vitambaa, kesi ile ingekuwa na watu wawili badala ya mmoja.

Fundi aliita bahati. Mheshimiwa uliita bahati mbaya, nilikusikia. Dalali wa mahakama atakayemtolea vyombo vyake nje Jumatatu, yule pale amekunja mikono, naye aliniambia ni bahati tu, mama. Haikuwa bahati. Nilikuwa mimi na basi langu la jioni. Nililia pale mlangoni, sioni haya kusema, na mtu yule niliyemkosesha alinipa kigoda chake na kitambaa chake cha kufutia saa. Tangu hapo sina raha. Najiuliza kuna mikosi mingapi katika yale makabati ya masjala ambayo ukiivuta kutoka ukutani utakuta ina jina la mtu na saa ya mtu.

Kuna karani mmoja rafiki yangu, simtaji, na yeye anajijua maana ameinamisha kichwa. Aliniambia, "Mama, umebakiza siku mbili. Kiapo chako ni cha kweli, ulibandika. Mwachie Mungu." Nikamwambia Mungu hana funguo za masjala, wewe unazo. Akafungua. Kumbe ni mtu mwema, alikuwa ananionea huruma tu. Jana nikala kiapo kipya. Nimeandika saa, nimeandika mlango, nimeandika mazoea yangu, na mpigapicha wa pasipoti wa nje ya lango amezipiga picha karatasi zote mbili, ile nyeupe na lile doa la ghalani. Kwa hiyo hiki cheti nilichopewa naomba kipelekwe kikasahihishwe. Iko hati moja iliyonishinda, na sitaki kukitundika cheti sebuleni kwangu kana kwamba hati hiyo haikuwepo.

Leo saa tano asubuhi kiapo changu kilifika mezani kwa Mheshimiwa Hakimu Mkuu. Alikisoma mara mbili, akavua miwani. Kisha akatoa amri. Fundi asitolewe kwanza, na ndugu wote wawili waje Jumatatu asubuhi. Ila kuna sharti: mdogo wake lazima atiwe hati mkononi, mkononi na si mlangoni, leo hii kabla masjala haijafungwa saa tisa na nusu. Asipopatikana, amri inaanguka, na dalali anaendelea na kazi yake kama ilivyopangwa. Sharti hilo ni la haki kabisa. Huwezi kuigusa hukumu mtu aliyoipata bila kumwambia, na leo hakuna anayelijua hilo kuliko mimi.

Mheshimiwa, nakuona umeninyooshea kidole. Nimeelewa. Sisemi chumba ni cha nani. Huenda ni cha mkubwa, huenda ni cha mdogo, mimi si hakimu. Wala simsemi vibaya mdogo mtu, ambaye alitoa anwani ya duka, na hakukosea. Ninachosema ni kwamba nataka waje wote wawili.

Na saa ile pale ukutani inasema saa tisa na dakika nane.

Sasa nitawaambia namsubiri nani. Namsubiri huyo mdogo mtu. Biashara yake ni kukodisha viti, na leo ana harusi mbili na mkutano mmoja. Tangu saa sita nimemfuata. Nyumbani ametoka, ghalani kwake anakoweka viti ametoka, harusi ya kwanza nimeambiwa ameondoka dakika tano zilizopita, simu yake haipatikani. Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi ule na nguo zangu hizi za sherehe, nikataka kusema jamani leo sina bahati. Nikajizuia. Nikajiuliza swali la kikazi: mtu huyu, kabla ya saa tisa na nusu, hana budi kuwa wapi?

Ndugu wageni, hivyo viti mlivyokalia ni vya buluu na vina namba mgongoni. Ni vya kwake. Kamati ilivikodi mwezi uliopita, mimi nilikuwa sijui lolote. Hiyo ni bahati, siikatai, naipokea kwa mikono miwili. Lakini bahati imeishia hapo, yaliyobaki ni kazi. Nimesoma mkataba wa viti. Mwisho wake ni saa tisa kamili, na harusi yake ya pili inavingoja. Ningemaliza mapema, wapagazi wake wangeingia, wangevibeba, na yeye angebaki barabarani ndani ya gari. Nikichelewa, atakuja mwenyewe kugomba. Kwa hiyo, bwana mshereheshaji, vile vikaratasi vya "malizia mama" nimevipokea vyote vitatu, viko hapa, nawe kaa chini upumzike. Na ninyi nawaomba mtu yeyote asinyanyuke kwenye kiti chake, hata akibanwa.

Tukiwa tunangoja, niwaambie neno wenzangu mnaobaki na mkoba huu. Mkienda kwa mtu mara tatu, nendeni saa tatu tofauti, na saa hiyo muiandike. Kabla hamjabandika karatasi mlangoni, simameni mlango ukiwa wazi, muone karatasi itatazama wapi. Ulizeni jirani, huyu mtu anaingilia wapi. Ni jambo la dakika tano. Nanyi mawakili wasomi, mkisikia shahidi anajibu jambo la kuchekesha, chekeni, ila mkimaliza kucheka mumuulize swali la pili. Mtu akisema anauona mlango wake kila siku na karatasi hakuiona, kuna njia mbili: anadanganya, au mlango una pande mbili. Sisi wote tuliokuwa mle ndani, wenye shahada na wasio nazo, tulichagua moja kabla hajakaa chini.

Nawashukuru pia wanangu kwa miaka yote ya kula chakula kilichopoa mkinisubiri. Nawashukuru dada zangu. Na nawashukuru...

Kuna gari limesimama nje. Tulieni. Msigeuke. Nimesema msigeuke, mmegeuka wote. Haya, geukeni.

Karibu, mdogo wangu, pita ndani. Najua, viti vilikuwa mwisho saa tisa, una haki ya kugomba. Kosa si la kamati, ni langu, nimeongea mno. Usirudi nje, nakuja mwenyewe. Bwana mshereheshaji, waya wa kipaza sauti unafika kule nyuma? Unafika. Nipisheni hapo. Mkwe wangu, toa miguu yako njiani. Nipisheni, jamani, magoti ni ya miaka sitini haya.

Marahaba, asante. Mimi ndiye Mama Samansi. Unacheka, vizuri, na mimi ningecheka. Hii ni ya kwako. Hapana, si risiti ya viti, ya viti nitakusainia mimi. Hii utanisainia wewe. Ni hati ya wito ya mahakama, na nakwambia wazi mbele ya watu wote hawa ili usije ukasema nilikuzunguka. Isome kwanza. Usisaini kitu ambacho hujakisoma. Isome taratibu, tutakungoja, na maharusi wako nao watangoja.

Ndiyo, ni kile chumba cha baba yenu. Hapana, hujashindwa. Wala hujashinda. Hukumu haijafutwa, imesimamishwa mpaka msikilizwe. Jumatatu, saa tatu asubuhi, chumba namba mbili. Njoo na karatasi zako zote, njoo na shahidi wako kama unaye.

Kalamu hii hapa. Jina hapo juu, sahihi hapa chini, na hapa andika saa. Andika, mdogo wangu, saa ni muhimu kuliko vyote. Saa tisa na dakika kumi na tisa. Ahsante sana.

Karani, rafiki yangu, chukua nakala hii ukaipige mhuri. Usitembee, kimbia.

Unasema nini, mdogo wangu? Sema tu, hakuna wa kukucheka hapa. Anauliza kama safari hii kaka yake atakuja.

Mtazame, yule pale safu ya nne, amesimama. Atakuja. Safari hii ameambiwa.

Mheshimiwa Hakimu Mkuu, ndugu wageni waalikwa, kazi yangu nimeimaliza. Ahsanteni kwa masikio yenu.